Ng'ombe Asiye na Nundu

Ninyi vijana mnaokuja kuniuliza siri ya kumfanya mtoto wa kiume apende kitabu, kaeni chini kwanza, na hizo karatasi za semina zirudisheni mkobani. Nimeshaziona. Zina mishale na maduara, na ndani ya kila duara kuna neno kubwa. Mimi kazi hiyo niliifanya miaka ya tisini, Jinja kwanza, halafu Mbale, na sikuwa mwalimu wala mkutubi. Nilikuwa polisi, sajini wa kike mwenye viatu vizito na sauti ya gwaride. Kama mimi niliweza, ninyi wenye digrii mtaweza pia, ila mtachelewa kidogo kwa sababu mnajua mambo mengi.

Niliipataje kazi ya vitabu? Wakubwa wetu wa Jinja walipokea makasha ya vitabu vya picha kutoka kwa wafadhili wa ng'ambo, kwa ajili ya watoto wa askari. Wakatazamana. Hakuna aliyejua kitu cha namna hiyo kinawekwa chini ya nani. Sasa, kambini kwetu jambo lolote lililonuka mtoto, iwe ni chanjo au mtoto aliyepotea sokoni, aliitwa askari wa kike. Nikaitwa. Afande mkubwa, mtu mnene mwenye fimbo fupi kwapani, akaniambia, "Sajini, vitabu hii ni mali ya serikali. Ikipotea moja, wewe napotea." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya ukutubi.

Kambi yenyewe sitaitaja, kwa sababu wengine waliohusika bado wako hai na bado wananisalimia vizuri. Niseme tu kwamba Afande aliamua vitabu vitunzwe ghala la silaha, maana ndicho chumba pekee chenye kufuli la kuaminika. Kwa hiyo mtoto akitaka kuona picha ya bata, ilimbidi apite kwa mlinzi mwenye bunduki, aulizwe ametumwa na nani, atoe mikono mifukoni, ndipo aonyeshwe bata. Wasichana walivumilia hata hivyo. Walikuja wawili wawili, wakakaa juu ya masanduku ya risasi, wakasoma. Wavulana walitokomea Nile kuogelea, na ukiwauliza walikuambia kitabu ni cha wasichana.

Siku moja ikaja habari kwamba wafadhili wanakuja kuona jinsi wavulana wanavyofurahia vitabu. Afande alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa, nayo ilikuwa gwaride. Wavulana wote wa kambi wakapangwa mistari kwa urefu, kila mmoja na kitabu ubavuni. Akawafundisha asubuhi nzima. "Kitabu, fungua! Ukurasa, geuza! Furahi!" Kwenye neno furahi, wavulana walicheka kwa pamoja, mara moja, kisha wakanyamaza na kutazama mbele. Wageni walipofika wakalengwalengwa na machozi. Nusu ya vitabu vilikuwa kichwa chini miguu juu, lakini kamera haikujali hilo, na baada ya muda tukaletewa makasha mengine zaidi.

Mimi nami nilikuwa na werevu wangu. Nilijiambia, kama hawa wa kambini wameshaharibiwa na gwaride, nitafute wavulana wasiojua gwaride. Nikaomba gari, nikapakia kasha moja, nikaenda Buwenge siku ya soko. Nilivaa sare kamili ili wazazi waniheshimu. Nikashuka katikati ya soko, nikaita kwa Kiswahili, lugha niliyozaliwa nayo kambini, "Vijana, kujeni hapa, tuna kazi na nyinyi!" Mnajua nchini kwetu Kiswahili kilikuwa na sifa gani siku zile. Watu wengi walikuwa wamekisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kikiambatana na kitako cha bunduki. Kabla sijafungua kasha, wauza nyanya walikuwa wamekunja magunia, wauza mitumba wamepotea na mitumba yao, na vijana niliowataka wako kwenye mashamba ya miwa. Aliyebaki ni mzee mmoja kiziwi, ambaye alitazama kitabu cha treni mpaka mwisho na akanishukuru sana. Dereva wangu alicheka kutoka Buwenge mpaka Jinja.

Basi, nilipohamishiwa Mbale na makasha yangu mawili, sikuwa na hamu tena. Kambi ilikuwa upande wa Namakwekwe, na chumba hakikuwepo. Nikapewa kona ya baraza ya kantini, kabati moja bovu na benchi. Upande wa pili wa baraza hiyohiyo, kila jioni, askari waliotoka zamu walikaa kuzunguka chungu cha malwa.

Kwa wale wa mbali wasiojua malwa: ni pombe ya ulezi, inakaa kwenye chungu kikubwa katikati, na kila mtu ana mrija wake mrefu anaonyonyea kutoka pale alipokaa. Chungu hakiishi kama maji ya moto hayaishi. Kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kwenda na birika jikoni na kurudi, kwenda na kurudi, na mtu huyo siku zote ni mtoto wa kiume wa mmoja wa wanywaji. Wanaume hawainuki. Nimeona mvua ikiwanyeshea na hawakuinuka.

Kukaa kwenye ile kona ndiko kulinifundisha kwa nini wavulana wanakimbia kitabu, na hili halimo kwenye maduara yenu. Mvulana anamtazama baba yake. Kambini mama alisoma kadi ya kliniki, dada alisoma daftari la shule, lakini baba alisoma kitu kimoja tu, orodha ya zamu kwenye ubao, na kila alipoisoma alitukana. Wewe ungekuwa mvulana ungefikiri nini? Ungefikiri kusoma ni jambo la wanawake, na mwanamume akilijaribu linamletea zamu ya usiku.

Kulikuwa na koplo mmoja, Okiria, Mteso, mtu mkimya mwenye mabega mapana. Kwao Teso alikuwa na ng'ombe, na wote walichukuliwa na wezi miaka ile ya vurugu, yeye akiwa kazini analinda mali ya watu wengine. Mtoto wake aliitwa Opolot. Opolot alikuwa amerudia darasa la tatu mpaka walimu wakamzoea kama samani. Kusoma hakujua, ila baba yake hakuwahi kumjaribu. Mjomba wake, kaka wa mama, alikuwa na shamba la mahindi Busiu na alihitaji mikono. Koplo alishatangaza pale kwenye chungu kwamba shule zikifungwa, mtoto anakwenda Busiu kulima, basi, mambo ya shule yamekwisha. Opolot alisikia akiwa na birika mkononi. Alimwaga maji chunguni vizuri, bila kuunguza mguu wa mtu, akarudi jikoni.

Jioni moja nilihesabu vitabu vyangu nikakuta kimoja hakipo. Nikatafuta kabatini, nikatafuta chini ya benchi, mwisho nikainama kuchungulia upande wa wanaume. Kilikuwa chini ya chungu. Sakafu ya baraza ilikuwa imebonyea, chungu kilikuwa kinayumba, na Koplo Okiria, mtu wa vitendo, alikuwa amekiwekea kitabu cha jalada gumu.

"Koplo, hicho ni kitabu," nikasema.

"Najua, Sajini. Hii iko imara kabisa. Zile ingine ni laini."

Nililazimisha chungu kiinuliwe, jambo lililochukua wanaume wanne na maneno mengi. Nikakipangusa kitabu kwa sketi yangu. Chini ya tope la malwa akatokea ng'ombe. Mzungu kabisa, mweupe mwenye mabaka meusi, amesimama kwenye majani mabichi. Koplo akainama kutazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akautoa mrija mdomoni kabla chungu hakijakauka.

"Huyu hana nundu," akasema.

Wenzake wakavuta viti. Kitabu kikapita mkono kwa mkono. Mmoja akasema nundu imekatwa. Mwingine akasema ng'ombe hawezi kuishi bila nundu, huyu ni mgonjwa, tazama kiwele kilivyovimba. Wa tatu, mtu wa Sebei, akaapa kwamba aliwahi kumwona wa namna hiyo Kitale, na mwenyewe anakula kuliko familia. Waligombana juu ya ukurasa mmoja kwa muda ambao mimi, pamoja na gwaride lote la Jinja, sikuwahi kumfanya mtu yeyote atazame ukurasa. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Nikajitolea kusoma.

"Hapana, mama, wewe kaa," Koplo akasema. "Mimi nasomesha mutoto miaka yote hii. Leo nataka kuona hiyo masomo. Opolot, weka birika chini. Soma hapa, kitabu nasema nini?"

Mimi nilijua hajui, na yeye alijua. Opolot akaweka birika chini, akajipangusa mikono kwenye kaptula, akakishika kitabu. Akakitazama kwa muda. Kisha akaanza kusema, kidole kikitembea juu ya maneno ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na kile kinywa chake kilichokuwa kinatoa.

Alisema ng'ombe huyu alikuwa wa mzee mmoja aliyempenda. Akageuza ukurasa, kukawa na lori la bluu. Akasema wezi walikuja na lori, wakampakia. Akageuza, kukawa na watu wengi wanapiga makofi na ng'ombe amefungwa utepe mwekundu shingoni. Akasema hapa ni mnada, wezi wanamuuza, na ile kamba nyekundu ni ya kumtambulisha kwa mnunuzi. Akageuza ukurasa wa mwisho, ambapo ng'ombe amesimama langoni na taa inawaka dirishani. Akasema ng'ombe alikata kamba, akatembea peke yake mpaka nyumbani, na mzee alikuwa hajalala, alikuwa anamngoja.

Hakuna aliyenyonya. Koplo Okiria alikuwa anautazama ule ukurasa wa mwisho kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Soma tena."

Ikawa hivyo kila jioni. Soma tena. Na kwa kuwa msomaji hawezi kushika kitabu na birika pamoja, maji yalianza kuletwa na mtoto mwingine. Zaidi ya hayo, msomaji alipewa karanga. Wavulana wa kambi hawakuwa wajinga. Baada ya siku chache nilifika kwenye kona yangu nikawakuta kumi hivi wamelizunguka kabati, kila mmoja anataka kitabu chenye wanyama wa kumpendeza baba yake. Hapo ndipo nilipojifunza kutoa kitabu kimoja kwa wavulana watatu. Ukimpa kila mmoja chake, anakikalia. Ukiwapa kimoja watatu, watakigombania mpaka kila mmoja anajua kilichomo ndani. Na usimwulize mvulana amejifunza nini. Mwulize kama lori lile linaweza kupanda mlima na mzigo ule, kisha unyamaze. Keti ubavuni pake, usiketi mbele yake, maana mbele hukaa hakimu. Akianzia ukurasa wa mwisho, mwache aanzie huko. Mimi magazeti naanzia kwenye vifo.

Lakini Opolot alikuwa na shida yake. Mjomba alikuja siku moja kutoka Busiu kununua mbolea, akasikiliza, akacheka. Alimwambia Koplo kwamba kila mtoto anajua kupiga hadithi, hiyo si kusoma. Koplo akafikiri, na mimi hakunitaka niamue, maana alijua niko upande wa mtoto. Akasema, "Sajini Meja iko kozi Jinja. Yeye najua Kizungu sana. Akirudi, atasoma kitabu hii mwenyewe. Kama ni kweli, mutoto nabaki shule. Kama ni uongo, nampeleka Busiu siku hiyo hiyo."

Kesho yake alfajiri, kabla ya shule, Opolot alikuwa benchini kwangu. "Afande Buku," akasema, hilo ndilo jina walilonipa, "hii kitabu nasema nini kweli?"

Mngekuwa ninyi mngemsomea. Mimi nilimwambia sijui, tutafute. Tukaanza na neno la ng'ombe kwa sababu lilikuwa kila ukurasa. Akalipata. Akalitafuta kitabu kizima kama mtu anayetoa kunguni kwenye godoro. Kisha lori, kisha nyumba. Alikuja kila asubuhi, na shuleni mwalimu wake akaanza kuniuliza nimempa nini. Siku aliyofika mwisho wa kitabu kwa mara ya kwanza, akisoma maneno yaleyale yaliyoandikwa, aliniinulia uso uliojaa hasira.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu," nikamwambia.

Ng'ombe anakula majani. Ng'ombe anapanda lori. Ng'ombe anakwenda kwenye maonyesho. Ng'ombe anapata utepe wa ushindi. Ng'ombe anarudi nyumbani. Lala salama, ng'ombe. Mtu alilipwa kwa kuandika hivyo, na mwingine akakilipia kitabu kivuke bahari. Opolot akakirudisha kabatini, akatoa kingine, akakipekua kwa wasiwasi akitumaini kwamba huyu mwandishi wa pili amejitahidi zaidi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mvulana anayeamini anaweza kutunga kitabu bora kuliko alichopewa, huyo hutampoteza tena, hata umfukuze.

Sajini Meja alirudi juma la kufunga shule. Alikuwa mtu mwema, mwenye miwani na cheti kipya, na alipenda sana kuombwa. Mjomba alikuwa amekuja kutoka Busiu na alishakaa kwenye chungu, mfuko mtupu wa kubebea nguo za mtoto umekunjwa gotini. Opolot alirudishwa kwenye birika jioni ile, ili asipate kumkonyeza Sajini Meja. Mimi nilijifanya napanga kabati. Nilipanga vitabu vilevile mara nyingi.

Sajini Meja alifungua kitabu, akasoma Kiingereza, akafasiri. Majani, lori, maonyesho, utepe, nyumbani, lala salama. Akafunga. Wanaume wakangoja kinachofuata.

"Wezi iko wapi?" akauliza yule Msebei.

"Wezi gani?" akasema Sajini Meja. "Hakuna wezi humu."

Mjomba aliukunjua tu ule mfuko. Koplo Okiria alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi niliona shingo yake imevimba mishipa. Akamwita mtoto. Opolot akaja na birika lake linatoa moshi.

"Soma," Koplo akasema.

Mtoto hakujua aweke wapi birika, akabaki nalo mkono mmoja, kitabu mkono wa pili. Akasoma. Alisoma yaliyoandikwa, neno kwa neno, polepole, kwa Kiingereza, na kila alipomaliza ukurasa alifasiri kama Sajini Meja alivyofasiri. Alifika mwisho bila kuruka neno. Sajini Meja akavua miwani. "Huyu anasoma kweli," akasema.

Koplo akamgeukia mtoto. "Na ile ya wezi?"

"Ile ni yangu, baba," Opolot akasema. "Niliona picha, nikafikiria ngombe yetu."

Nilitaka kusema neno nikaogopa, mimi niliyewahi kukamata majambazi kwa mikono yangu.

Koplo Okiria akautoa mrija mdomoni, akaupangusa, akampa mjomba. "Shemeji, nishikie," akasema. Halafu akainuka. Miaka yangu yote kambini sikuwahi kuona mwanamume akiinuka kwenye chungu maji yanapohitajika. Akalichukua birika mkononi mwa mtoto wake.

"Hiyo ya wazungu nimesikia," akamwambia. "Kaa hapo kwa kiti yangu, ngoja nilete maji. Halafu utasoma yetu."